DC kwenye waya wa spika: anzia jozi ya kuingilia

Amplifaya ya transista yenye hatua tatu ikiwa kimya inapaswa kutoa DC (volti isiyobadilika) ya karibu sifuri kwenye waya wa spika; DC hiyo ndiyo ofseti. Chini ya milivolti 50 hakuna wasiwasi. Ikifika 100, spika ya ohm 8 inapitisha miliampia 12.5 muda wote. Haitaungua kwa hizo, lakini kuna kitu hakijakaa sawa.

Mafundi wengi huuachia mrejesho, yaani kurudisha sehemu ya kinachotoka hadi mwanzoni, kazi yote. Mrejesho husahihisha makosa ya hatua za nyuma, kwa kuwa makosa hayo hugawanywa kwa ukuzaji wa hatua zilizotangulia. Kosa la jozi ya kuingilia (transista mbili za mwanzo, moja hupokea sauti na nyingine mrejesho) halina cha kuligawanya, tena linakuzwa. Ukiwa na rezista ya 22k (ohm 22,000) ya mrejesho na ya 1k kwenda ethi, ukuzaji ni mara 23: tofauti ya milivolti 5 kati ya transista mbili inatoka nje ikiwa 115.

Kwa hiyo 1k isiende ethi moja kwa moja. Ipitishe kwenye kapasita ya 220µF. DC haipiti hapo, ukuzaji wake unashuka hadi 1, na zile milivolti 5 zinabaki 5. Sauti nzito haiguswi, maana mpaka ambao chini yake sauti huanza kupungua uko 0.7 Hz, ukiweka 22µF mpaka unapanda hadi 7 Hz, na hapo naona umebana mno. Kapasita hii ikizeeka na kuanza kuvujisha, ofseti inarudi. Kwenye mashine kuukuu, badilisha hiyo kwanza.

Kisha tazama rezista za besi (mguu wa kudhibiti wa transista). Kila transista ikibeba miliampia 1 na hFE (ukuzaji wake wa mkondo) ni 200, besi inahitaji mikroampia 5. Kwenye 47k ya kuingilia hizo ni milivolti 235, kwenye 22k ya mrejesho ni 110. Tofauti ya 125 inaenda kwenye spika. Weka 22k pande zote mbili.

Rezista ya kolekta ya jozi ya kuingilia ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Transista ya kukuza volti (hatua ya pili) inashikilia kama volti 0.65 kati ya ncha za rezista hiyo, kwa hiyo 680 ohm inapitisha karibu miliampia 1, nusu kamili ya mkondo wa miliampia 2 wa jozi. Mtu akiweka 2.2k, upande mmoja unabaki na 0.3 na mwingine unabeba 1.7. Volti za besi na emita zinaachana kwa milivolti 45, mikondo ya besi nayo inaachana, na ofseti inafika karibu milivolti 200 hata kama transista zinalingana kabisa. Pima volti juu ya rezista hiyo kabla ya kuchomoa chochote.

Transista zenyewe zibandike uso kwa uso ndani ya mpira mmoja wa kubana kwa joto, kwa sababu digrii moja ya tofauti ni milivolti 2. Unapozilinganisha usizishike kwa vidole. Ofseti ipime baada ya dakika 10 za kupata joto, tundu la kuingilia likiwa limeunganishwa na ethi, spika ikiwa nje.

Usipotaka kapasita kwenye mrejesho, tumia sevo, saketi inayopima ofseti na kuirudisha sifuri: IC ya TL071, 1M kutoka kwenye waya wa spika hadi mguu hasi, kapasita ya filamu ya 0.47µF kutoka mguu huo hadi towe la IC, mguu chanya ethi. Towe lipite 10k na 220 ohm kwenda ethi. Pale zinapokutana ndipo 22k ya kuingilia inaposhikia badala ya ethi. Mgawanyo huo unaiwekea sevo mpaka wa milivolti 280 hivi, IC ikifa isiburute towe hadi volti za sapulai. Ukigeuza miguu ya IC, sevo itaisukuma ofseti badala ya kuivuta, kwa hiyo jaribu bila spika. Inachukua kama sekunde 5 kutulia. Relei ya spika isishike kabla ya hapo.