Re: Mwanasesere wa mti wa Krismasi, shingo inalegea

Dadangu, shingo ya huyo mwanasesere wako wa kitambaa inalegea kwa sababu umeijaza mwisho. Anza na kichwa na shingo, sufi kidogo kidogo, uisukume kwa kijiti cha mshikaki mpaka ikaze, ndipo ushuke tumboni. Ukikata kitambaa acha nusu sentimita nje ya mshono, na pale shingoni pachanje kwa ncha ya mkasi bila kugusa uzi, la sivyo ukimgeuza ndani nje patakunjamana.

Urefu sentimita 12 watosha, akizidi tawi litainama. Gauni mkatie pindo la leso (khanga). Leso hukosi Biashara Street, mtaa wa maduka ya vitambaa.

Kitanzi kishone utosini. Wangu wa kwanza nilimtia mgongoni, akaning'inia kifudifudi kama mtu aliyeangusha shilingi!