Spika za Pembeni: Uliza Chumba Chako Kabla ya Kuuliza Wati

Juzi baada ya Isha mama alikuwa ameketi nasi sebuleni, tasbihi mkononi, filamu haina habari naye. Ikafika mahali mvua inanyesha msituni. Mama akageuza kichwa upande wa dirisha: "Kaanueni nguo, mvua hiyo!" Mdogo wangu alishasimama na kushika mlango. Nje mbalamwezi ilikuwa inawaka, hakuna hata wingu.

Miaka sita nimekuwa nikiitafuta sauti hiyo.

Asubuhi yake nikakuta ujumbe wa msomaji wa Malindi. "Kaka, nimehamia nyumba mpya, nina elfu sitini, nataka spika za nyuma zinazotikisa. Nichukue za wati ngapi?" Ndilo swali nililokwenda nalo mimi Mombasa, na lilinila pesa. Namjibu hapa (spika za nyuma ndizo hizi za pembeni, zinazokaa ubavuni na nyuma kidogo ya mtazamaji), nanyi wengine msome, maana najua sote twataka jambo moja: familia ikae nyumbani jioni na ijihisi imo ndani ya picha.

Nilikuwa na akiba ya msimu mzima wa kuwavusha wageni kwenda Takwa kwa mashua. Muuzaji akanionyesha boksi limeandikwa wati 5000 PMPO, akasema hii itatikisa mtaa. Sikumwuliza neno. Basi hadi Mokowe, boti hadi kwetu Amu, mji wa Lamu, punda hadi mlangoni, na watoto wa mtaa nyuma yangu. Nilitembea mbele ya yule punda kama mtu anayeleta bi harusi.

Usiku ule nikaalika watu. Ami yangu ametengeneza redio tangu zama za kaseti. Alingoja filamu iishe, akainyanyua spika moja ya nyuma kwa vidole viwili. "Mwanangu, umeuziwa kopo." Mbele ya wageni wangu wote. Alikuwa na haki, lakini mpaka leo nikikumbuka uso hunipanda moto. Tulipoifungua tulikuta koni moja ya inchi 3, gamba la plastiki tupu, na waya mwembamba kama uzi wa cherehani.

PMPO ni nguvu ya kitambo cha kufumba jicho, tena haina kipimo kimoja ambacho viwanda vyote hukifuata, kwa hivyo kila mmoja huandika anachopenda. Tafuta RMS, nguvu ambayo mashine yaweza kuitoa mfululizo. Kisha tazama desibeli, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, ambazo spika hutoa kwa wati 1 ukiwa umbali wa mita 1. Spika ya desibeli 86 inahitaji wati mara mbili ya zile za spika ya desibeli 89 ili zilingane kwa sauti. Hilo peke yake lingeniokoa. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha namba hizo mbili, mwage.

Na "kutikisa" si kazi ya spika za pembeni. Maneno ya wahusika karibu yote hutoka kwenye spika ya kati. Mngurumo ni wa sabufa, ile spika kubwa ya besi: ukiipanga risiva, mashine inayozigawia spika sauti, ikate kwenye hezi 80, besi iliyo chini ya hapo huelekezwa huko, na spika ndogo hubaki na kazi zinayoiweza, upepo, nyayo, ndege, mvua ile iliyomwinua mdogo wangu.

Jozi ya pili nilinunua nzuri, ndogo, gamba la mbao. Nikaziweka ndani ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Zilipendeza mno, nami nilijiona nimepata jibu ambalo hakuna fundi aliyelifikiria. Sauti ikawa ya mtu aliyeingiza kichwa ndani ya pipa. Tundu lao la besi lilikuwa nyuma, linapuliza ukutani, na shimo la kidaka linaikuza kila besi. Nikalaumu spika. Nikalaumu stima. Kosa lilikuwa mahali nilipoziweka, na ilinichukua miaka miwili kulikubali.

Vyumba vyetu vya Amu ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wake umefuata urefu wa boriti za mikoko. Kochi hugusa ukuta. Ukuta wenyewe ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, sauti ikipiga hurudi. Wewe wa Malindi una matofali, vigae na madirisha makubwa ya vioo, mwangwi ni ule ule. Tandika zulia nene, tundika pazia zito, kabla hujaongeza hata shilingi kwenye spika.

Halafu mahali. Ukiwa umeketi na runinga mbele yako ndiyo sifuri, spika za pembeni zikae kwenye nyuzi 110 hadi 120, yaani ubavuni na nyuma kidogo, sentimita 60 hadi 90 juu ya sikio. Kochi likiwa limegusa ukuta, zipeleke kwenye kuta za ubavuni, usizibandike kisogoni pako. Mimi sikutoboa ukuta. Mji wetu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na hata usingekuwamo, chokaa ya mababu humomonyoka ukiigusa kwa drili. Seremala alinichongea stendi mbili.

Chukua spika za kampuni ile ile ya zile za mbele, ili pikipiki ikipita kutoka mbele kwenda nyuma isigeuke pikipiki nyingine. Chukua za omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), isipokuwa mashine yako imeandikwa kwamba yaweza kubeba 4. Na waya uwe wa shaba tupu, si alumini iliyopakwa shaba. Hata hiyo shaba, hewa yetu ya chumvi huigeuza kijani kwenye ncha, kwa hivyo kila baada ya miezi michache kata ncha, menya upya, kaza.

Ndugu yangu, wewe bado hujanunua, na hiyo ni neema niliyoikosa mimi. Tuache kununua ili majirani wasikie. Pima sebule yako kwanza, muulize mzee anayejua, vumilia aseme usilolipenda. Hizo elfu sitini usizimalize kwenye boksi moja. Anza na spika mbili za mbele zilizo nzuri, pembeni utaongeza mwakani.

Jana ami alipita. Nikamwekea ile mvua. Akasikiliza hadi mwisho, kimya, kisha akainuka akaenda kwenye spika ya kushoto, akajaribu kuinyanyua kwa vidole viwili. Haikuinuka.