Jibu: Likelemba bila karatasi inaweza kushitaki?

Dada, umeuliza kama likelemba yenu (kikundi cha kuchangiana fedha kwa zamu) ya soko la Kadutu, hapa Bukavu, isiyo na karatasi za serikali, inaweza kumshitaki mama aliyekula dola zenu. Kwa jina la kikundi, hapana. Kwa Sheria ya Kongo namba 004/2001 ya 20 Julai 2001, chama kinahesabiwa kama mtu mbele ya sheria Waziri wa Sheria akishakikubali. Bila hiyo, avoka (wakili) wa yule mama atainuka aseme mlalamikaji hayupo, na kesi itaanguka kabla deni halijatajwa.

Lakini ninyi mpo! Kila mama adai fedha aliyotoa mwenyewe, hata mkitia sahihi wote kwenye karatasi moja. Rais wa likelemba yenu asisaini peke yake "kwa niaba ya wamama". Wengi huteleza hapo. Na lile daftari la michango lenye alama za dole gumba, msimwachie mtu. Toeni fotokopi tu.