Jibu: Okoye si mwanamume aliyevalishwa sketi

Mkuu, umeuliza kama mashujaa wa kike kwenye filamu wanabadilisha chochote, au ni wanaume tu waliovalishwa sketi. Wengine ndivyo walivyo, sibishi. Lakini rudi utazame filamu ya Black Panther ya 2018, ya Wakanda, nchi ya kubuni ya Kiafrika. Pale kwenye kasino ya Busan, Korea Kusini, Okoye, jemadari wa askari wa kike wa Wakanda (anaigizwa na Danai Gurira), anavua wigi alilokuwa akilinung'unikia, anamrushia adui usoni, kisha anaendelea na kipigo kichwa kikiwa kimenyolewa. Nywele, ambazo watu wengi ndizo wanazopimia urembo wa mwanamke, zimegeuka silaha! Mwishoni anamwelekezea mkuki W'Kabi, mpenzi wake, na jamaa ndiye anayepiga magoti. Okoye halii wala habembelezi.

Shuri naye ndiye fundi mkuu wa Wakanda. Kaka yake mfalme anavaa alichobuni yeye, na bado anataniwa.

Wonder Woman ya 2017 naipenda pia, tena imeongozwa na mwanamke, Patty Jenkins. Ila akishatoka kisiwani kwao, Diana, yaani Wonder Woman mwenyewe, anabaki mpiganaji wa kike peke yake katikati ya wanaume. Kule Wakanda wanawake wapiganaji wapo wengi, na hakuna anayeshangaa kuwaona.