Kuku juu, samaki chini: majibu kwa wafugaji

Nina bwawa la mita 10 kwa 20. Nikijenga banda la kuku juu yake, bado nitanunua chakula cha samaki? (Morogoro)

Utapunguza, hutaacha. Wengi hudhani perege anashibishwa na kinyesi chenyewe. Kazi kubwa ya kinyesi ni kurutubisha maji, humo vikaota vijimea na vijidudu vidogo mno, na hivyo ndivyo chakula chake. Anza na kuku 20 tu, kisha kila wiki, jua likishapanda, zamisha mkono bwawani, kiganja kikitazama juu. Kikipotea machoni maji yanapofika kwenye kiwiko, umepatia. Kikipotea mapema zaidi, mbolea imezidi. Kikionekana mpaka maji yakaribie bega, bado haijatosha. Naipenda njia hii kwa sababu haidai kifaa wala senti.

Alfajiri samaki wangu huja juu wakitweta, jua likipanda wanatulia. Ni ugonjwa? (Songea)

Hapana, wanakosa hewa. Vijimea hutoa oksijeni mchana, lakini usiku huitumia, na samadi inayooza huitumia pia. Karibu na mapambazuko ndipo huwa chini kabisa. Usingoje kesho, ndugu yangu: tandika turubai chini ya banda leo hii kinyesi kisidondoke, kisha toa maji ya chini na uingize mapya. Usijilinganishe na jirani mwenye kambale. Kambale huja juu akavuta hewa, perege hawezi.

Na bata je? (Tanga)

Wazuri, husambaza mbolea wenyewe. Ila humeza vifaranga vya samaki na hubomoa kingo. Subiri samaki wakue, na kingo uzizungushie uzio.

Naongeza samadi lakini perege hawakui. (Njombe)

Kosa ni la baridi, mama. Perege hukua vizuri kwenye maji ya nyuzi 25 hadi 30. Yakishuka chini ya 20 hula kidogo sana. Juni na Julai punguza samadi na chakula, maana vitaoza tu. Kata matawi yanayotia kivuli, na usiache maji ya mto yapite bwawani kutwa.

Kuku wakipewa antibayotiki, samaki ni salama? (Mbeya)

Dawa hutoka na kinyesi. Siku za dawa, pamoja na siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye pakiti, kisiingie bwawani hata kidogo. Tena wiki mbili kabla ya kuvua, kizuie kabisa. Hapa silegezi kamba, kwa kuwa walaji wa kwanza ni wanao. Kinyesi utakachokizuia kipeleke kwenye lundo la mboji.