Karani wa mradi wa mkopo wa nje: je, ni mwandishi wa riba?

SWALI: Assalaamu alaykum Sheikh. Mimi ni kijana wa Malindi, karani katika mradi wa barabara unaojengwa kwa mkopo wa serikali ya nje. Kazi yangu ni kukaa getini kuandika lori za kokoto na saruji zinazoingia, na jioni napeleka daftari kwa mhandisi. Juzi barazani, baada ya Isha, mzee mmoja alinisomea hadithi ya kulaaniwa mla riba na mwandishi wake, akasema mshahara wangu ni haramu. Mwengine akamjibu kuwa mkopo wenyewe ni wa masharti nafuu, asilimia mbili tu, kwa hivyo ni kama sadaka, na anayepewa sadaka haulizi maswali. Yupi mwenye haki? Na sisi tunaolipa kodi ya kulipia deni hilo tuna dhambi?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh.

Mwanangu, nianze na mshahara, maana hilo ndilo lililokuleta. Hadithi aliyokusomea mzee ni sahihi. Imepokewa na Muslim kutoka kwa Jabir, kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alimlaani mla riba, mwenye kuilisha, mwandishi wake na mashahidi wake wawili. Lakini mwandishi anayekusudiwa ni yule anayeuandika mkataba wa riba wenyewe huku akijua anachokiandika. Wewe huandiki mkataba. Unaandika kokoto. Barabara ni jambo la halali, jasho lako ni lako, na ujira wako ni halali kwako. Mzee ameisoma hadithi vizuri, akaiteremsha pasipo pake.

Sasa huyu wa pili, naye amesema kwa wepesi mno. Kukopa si haramu, wala kukopa kwa asiyekuwa Muislamu si haramu. Mtume alifariki na deraya yake iko rehani kwa Yahudi mmoja kwa pishi za shayiri. Alikopa pia kwa haja za umma: Nasai na Ibn Majah wamepokea kwamba alichukua kwa Abdullah bin Abi Rabia mkopo mkubwa wakati wa vita vya Hunayn, na aliporudi alimlipa na kumuombea baraka katika watu wake na mali yake. Tatizo linaanza pale ziada inaposharutishwa. Mwenyezi Mungu anasema katika Suratul Baqara, aya ya 279, mkitubu basi mtapata rasilimali zenu, msidhulumu wala msidhulumiwe. Rasilimali ni ile mali yenyewe uliyokopesha. Hakusema rasilimali na asilimia mbili.

Najua hoja ya wachumi. Wao hupima mkopo kwa kuulinganisha na bei ya soko. Shirika la Fedha la Kimataifa huuita mkopo kuwa nafuu iwapo, ukipigiwa hesabu kwa kiwango cha asilimia 5, angalau asilimia 35 ya thamani yake ni sawa na zawadi. Hesabu hiyo ina faida yake, na Waziri wa Fedha asiyeijua atatuumiza. Lakini sheria yetu inaangalia kilichoandikwa baina ya mkopeshaji na mkopaji, haiangalii soko lingewatoza ngapi. Jumuiya ya Fiqhi ya Kiislamu ya kimataifa ilikwisha kuamua mwaka 1985 kuwa riba ya benki ni ile ile iliyoharamishwa. Mwaka uliofuata, huko Amman, ikaruhusu Benki ya Maendeleo ya Kiislamu ya Jeddah kutoza ada ya huduma, kwa sharti isizidi gharama halisi za kuuhudumia mkopo. Ikizidi, ni riba. (Kenya si mwanachama wa benki hiyo; Uganda na Msumbiji ni wanachama.) Basi hata ile ada ya asilimia 0.75 kwa mwaka iliyozoeleka katika mikopo ya IDA, tawi la Benki ya Dunia lililoanzishwa 1960 kwa ajili ya nchi maskini, jina lake la ada halitoshi kuihalalisha. Inahesabiwa juu ya deni lililobaki. Deni la bilioni na deni la milioni yanaweza kuwa na makaratasi yale yale, ada ikatofautiana mara elfu. Mimi ninaiona na shaka, ingawa iko mbali na riba ya mabenki.

Lakini asilimia mbili si jambo zito kuliko yote hapa, na ndio maana nataka tukae kidogo. Mwenye duka akikukopesha shilingi 10,000 bila ziada hata senti, kwa sharti mwaka mzima unga na sukari ununue kwake kwa bei yake, je, hakupata ziada? Kaipata, tena pengine zaidi ya riba. Mafakihi wana kanuni, kila mkopo unaovuta manufaa kwa mkopeshaji ni riba. Katika Bukhari, Abdullah bin Salam alimuonya Abu Burda kwamba akiwa anamdai mtu, na mtu huyo akampa zawadi ya mzigo wa nyasi au wa shayiri, asiupokee. Mzigo wa nyasi!

Sasa tazama mikopo ya serikali kwa serikali. Mwaka 2014 Kenya ilikopa kwa Benki ya Exim, benki ya serikali ya China, kwa ajili ya reli ya Mombasa hadi Nairobi. Mkopo mmoja ulikuwa nafuu, dola bilioni 1.6 kwa asilimia 2, miaka 20, na saba ya mwanzo bila kulipa rasilimali. Wa pili, ulio karibu sawa nao kwa ukubwa, ulikuwa wa kibiashara, riba yake ikipanda na kushuka na soko la London na kuongezwa asilimia 3.6. Nafuu na ghali vilikuja pamoja. Mjenzi ni kampuni ya China, bidhaa za kununuliwa China zikapewa kipaumbele, na mzozo ukitokea unasikizwa Beijing. Wala si China peke yake. Japani ina aina ya mkopo wenye riba ndogo sana unaotaka mkandarasi mkuu awe Mjapani. Na yako manufaa yasiyoandikwa kabisa, kama kura katika Umoja wa Mataifa au kuikana Taiwan, kisiwa ambacho China inadai ni chake.

Siyasemi haya kuwatukana wakopeshaji. Kila serikali inatafuta maslahi yake, na sisi wa Malindi tunalijua hilo zamani. Mwaka 1415 twiga wa Malindi alifikishwa kwa mfalme wa China, na miaka 83 baadaye Vasco da Gama alipewa rubani hapa hapa kwa kuwa sultani wetu alitaka rafiki dhidi ya Mombasa. Ila msituambie ni sadaka. Sadaka haina mkandarasi.

Na kuuliza ni haki, tena ni dini. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Baqara, ni ya deni, na amri yake ni kuliandika na kulishuhudisha. Mikataba ya reli ilitangazwa hadharani Novemba 2022, reli ikiwa imekwisha kuanza safari zake tangu 2017. Anayelipa ndiye wa mwisho kuonyeshwa.

Jambo jengine ni aya ya 280, kumpa muda mdaiwa aliye na dhiki. Wakati wa korona nchi za G20, kundi la nchi zenye uchumi mkubwa, ziliahirisha madeni ya nchi maskini, na Kenya ikaingia mwanzoni mwa 2021. Ni wema, tuseme kweli. Lakini riba iliendelea kuhesabiwa muda wote wa kungoja, na aya haikuagiza kungoja kwa malipo.

Kuhusu kodi, huna dhambi, wala kwa kupita barabara hiyo. Hakuna mbebaji abebaye mzigo wa mwengine. Aliyetia saini akiwa na njia nyengine ataulizwa yeye. Akiwa hana njia, watu wana njaa au maradhi, wapo wanazuoni waliomruhusu kwa dharura, nami siwapingi, ila reli na viwanja vya ndege sioni vikiingia katika dharura.

Linalokuhusu wewe ni daftari lako. Zikiingia lori kumi ukaambiwa uandike kumi na mbili, hapo hutaponea kwa kusema mkataba si wako, kwani hizo mbili zitalipwa na watu ambao bado hawajazaliwa. Andika namba ya gari, saa na jina la dereva, na nakala ubaki nayo. Wakikufukuza kwa hilo, njoo msikitini baada ya Alasiri tutafute kazi nyengine.

Wallahu aalam.