Burrow dhidi ya Clemson: 31 kati ya 49 ni mbaya?

Mkuu, unauliza kama Joe Burrow, mrusha pasi mkuu (quarterback) wa LSU, alicheza chini ya kiwango fainali ya futiboli ya Marekani ya vyuo vikuu ya Januari 2020 alipokamilisha pasi 31 kati ya 49, maana msimu mzima alikuwa anakamilisha zaidi ya asilimia 76 ya pasi. Hapana bwana! Gawa yadi 463 alizopata kwa pasi kwa majaribio 49, unapata zaidi ya yadi 9 kila anaporusha. Pasi zake zilizaa tachidauni 5 (mpira kufikishwa eneo la mwisho la wapinzani), na hakuna pasi hata moja iliyonaswa na wapinzani.

Mwanzoni kweli alibanwa, LSU wakarudisha mpira bila pointi mara 3 mfululizo. Kisha akaona mpokeaji wake Ja'Marr Chase kaachiwa beki mmoja tu, akamrushia ile ndefu ya pembeni: yadi 52, tachidauni. Ukirusha mbali hivyo lazima nyingine zipotee. Chase alimaliza na yadi 221, LSU wakashinda 42-25.